Msafiri na Jembe Lake

 

Majuma yajayo ni majuma ya safari. Shule zinafungwa, kazi zinapungua, na vituo vya mabasi vinajaa watu na mizigo. Wengine watatoka Nairobi kwenda Kakamega, Kisumu, Meru au Machakos kuwaona wazazi. Wengine watashuka Mombasa, Malindi na Diani kupumzika. Nasi watu wa makanisa tuna safari zetu: mikutano ya vijana, makongamano ya akina mama, harusi, mazishi, na matembezi ya watoto wa shule ya Jumapili. Twakodi basi, twafunga mbele yake kitambaa chenye jina la kanisa, twaomba, kisha twaondoka tukiimba.

Jioni ya leo twataka kuzungumza habari za safari hizo. Hatutasema habari za ajali na mwendo wa kasi, ingawa hayo nayo yanastahili kipindi chake. Twataka kuuliza swali moja tu: Je, mtu akipanda gari anaacha kuwa jirani?

Fikirini juu ya mtu mmoja wa kawaida, mtu mwema. Nyumbani kwake ua umefagiwa. Hawezi kutupa maganda ya muwa mbele ya mlango wa jirani, maana kesho asubuhi watakutana kisimani, na atasemaje? Lakini mtu huyo huyo akikaa karibu na dirisha la basi, akamaliza soda yake, mara mkono unatoka nje na chupa inaruka. Kwa nini? Kwa sababu pale hapana anayemjua. Basi linapita, naye anapita. Anadhani ametupa huko nje.

Wapendwa, nchi hii haina mahali panapoitwa huko nje. Kila mahali ni shamba la mtu, au malisho ya mtu, au maji ya mtu. Chupa ile imeanguka katika shamba la mama fulani wa Emali au wa Gilgil, naye hamjui aliyeitupa, wala hakuna atakayemwomba radhi.

Sheria ya watu walio njiani

Tukifungua Kumbukumbu la Torati sura ya 23 twakuta agizo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka, labda kwa kuona haya. Ni agizo kwa watu wa Israeli wanapotoka kwenda vitani na kupiga kambi mbali na nyumbani. Waliambiwa kwamba kila mtu, pamoja na silaha zake, achukue na kitu cha kuchimbia. Akitaka kwenda haja, aende nje ya kambi, achimbe, kisha afukie. Na sababu waliyopewa ni kwamba Mungu mwenyewe hutembea katikati ya kambi ile, basi kambi iwe safi.

Angalieni jinsi jambo hili lilivyo kubwa. Kambi ya vita ni kitu cha siku chache. Askari wale wangeweza kusema, Sisi twapita tu. Keshokutwa tutakuwa mahali pengine. Kwa nini tujichoshe kuchimba? Tena walikuwa na haraka, na hofu, na adui mbele yao. Hata hivyo sheria haikuwapa ruhusa ya kuacha uchafu wao juu ya ardhi kwa sababu ya haraka wala kwa sababu ya ugeni.

Wala agizo hilo haliko peke yake. Katika sura ya 20 ya kitabu hicho hicho wanakatazwa kuikata miti ya matunda ya mji wanaouzingira. Wale matunda yake, lakini mti wauache. Na katika sura ya 22 mtu aendaye njiani akikuta kiota cha ndege, na mama amelalia mayai au makinda, amepewa mpaka: asimchukue mama pamoja na wanawe. Amri hizi tatu zinawahusu watu walio mbali na nyumbani kwao. Ni kana kwamba Mungu aliona tangu zamani kwamba mwanadamu hutunza kwake na kuharibu kwa wenzake, akaweka sheria yake hasa njiani.

Wazee wetu pia waliliona jambo hili wakasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twaufahamu usemi huu kuwa ni wa kumsukuma mgeni mvivu. Lakini mna heshima ndani yake. Ukipewa jembe, maana yake umekuwa mtu wa nyumbani. Shamba hili sasa lakuhusu. Magugu yake ni yako, na mavuno yake utaonja. Basi neno letu la leo ndilo hili: msafiri wa Kikristo achukue jembe lake tangu siku ya kwanza, asingojee siku ya tatu.

Safari ya chupa moja

Ili tufahamiane vizuri, na tuifuate chupa moja ya plastiki. Imetupwa Nairobi, ikaanguka mtaroni. Mvua ikinyesha, mtaro unaipeleka katika Mto Nairobi. Mto Nairobi unaingia katika Mto Athi. Mto Athi unateremka katika nchi ya Ukambani mpaka Tsavo, na ukikutana na Mto Tsavo unaitwa Galana. Karibu na pwani watu wanauita Sabaki, na mwisho wake ni Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi.

Kwa hiyo barabara yatoka Nairobi kwenda pwani, reli yatoka Nairobi kwenda pwani, na mto nao watoka Nairobi kwenda pwani. Abiria hufika siku hiyo hiyo. Chupa yaweza kuchukua misimu kadhaa ya mvua, ikilala hapa na kuamshwa pale, lakini njia yao ni moja. Na jamaa ya watu wakiketi ufuoni Malindi, wakasikitika kuona uchafu ulioletwa na maji, huenda wanatazama mizigo iliyotoka mtaani kwao wenyewe.

Tena sikilizeni jambo la pili juu ya mto huo. Kando ya Sabaki, mahali paitwapo Baricho, kuna visima vikubwa ambavyo hupeleka maji ya kunywa Malindi, na hata Mombasa. Mchanga huyachuja maji yale, na mafundi huyatia dawa, ndipo yafike kwenye mifereji. Lakini ni nani kati yetu angependa kuona takataka zikipita kando ya kisima chake mwaka baada ya mwaka? Watu wa juu ya mto na watu wa chini ya mto ni majirani, hata kama kati yao kuna mamia ya kilomita na lugha tofauti.

Si kila chupa hufika baharini. Nyingi hukwama njiani, na huko ndiko zinakodhuru. Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Jua huikausha, ikakatikakatika kuwa vipande vidogo, navyo hukaa udongoni. Ng'ombe na mbuzi hula mifuko iliyotupwa kando ya barabara, wasiweze kuisaga wala kuitoa, na wachinjaji wengi wameikuta imejaa tumboni mwa mnyama. Kasa wa baharini humeza plastiki akidhani ni chakula chake. Na kule mjini, uchafu huziba mitaro na makalavati.

Twakumbuka mvua za Machi hadi Mei mwaka 2024, zilizoua watu zaidi ya 200 katika nchi yetu na kuwafukuza maelfu kutoka nyumba zao. Sababu za maafa yale zilikuwa nyingi: mvua yenyewe ilikuwa kubwa mno, nyumba zilikuwa zimejengwa kando ya mito, na mitaro haikutosha. Itakuwa uongo kusema kwamba yote yaliletwa na takataka. Lakini mtaro ulioziba huyarudisha maji mlangoni mwa watu, na mara nyingi mlango huo ni wa maskini aliyejenga bondeni kwa kukosa mahali pengine. Aliyetupa anaishi mlimani, wala haoni maji yakiingia kitandani mwa mwenziwe.

Serikali imefanya sehemu yake kwa sheria. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku katika Kenya yote, na adhabu yake si ndogo: faini ya hadi shilingi milioni 4, au kifungo cha hadi miaka 4. Kisha tangu tarehe 5 Juni 2020 haturuhusiwi kuingia na chupa na vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja katika mbuga za wanyama, misitu ya hifadhi, na fuo zilizohifadhiwa. Kwa hiyo ninyi mnaopeleka watoto kutazama wanyama, mjue hayo kabla ya kufika langoni. Kila mtoto achukue chupa yake ya kujaza tena na tena.

Lakini sheria haikai katika kila kiti cha basi. Askari hawezi kulinda kila dirisha. Hapo ndipo moyo wa mtu unapohitajika.

Na moyo huo upo. Kule Lamu, mafundi wa kuunda vyombo vya baharini walitengeneza dau kwa plastiki iliyookotwa. Urefu wake ni mita 9, na ubavu wake umefunikwa kwa vipande vya rangi nyingi vilivyokatwa kutoka kandambili zilizotupwa. Wakaliita Flipflopi, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, likitia nanga katika miji ya njiani ili watu waone na kufundishwa. Mafundi wale hawakutupa wao kandambili zote zile. Waliokota uchafu wa watu wasiowajua. Huyo ndiye mtu mwenye jembe.

Jinsi ya kusafiri

Sasa natuseme habari za chombo tunachosafiria, maana gari lenyewe huacha kitu nyuma hata kama madirisha yake yamefungwa.

Gari linalochoma petroli au dizeli hutoa moshi. Sehemu ya moshi huo twaiona na kuikohoa. Sehemu nyingine, iitwayo hewa ya ukaa, haionekani wala hainuki. Hupanda angani ikakaa huko miaka mingi, ikizuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi linavyozuia joto la mwili. Watu wa pwani wameona matokeo ya joto kuzidi. Wakati wa El Nino ya miaka ya 1997 na 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kawaida, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa. Matumbawe ndiyo nyumba ya samaki. Nyumba ikifa, mvuvi hurudi na wavu mtupu. Nayo dunia ikizidi kupata joto, miaka ya namna hiyo huja karibu karibu zaidi.

Hatusemi kwamba watu wasisafiri. Kumtembelea mzazi ni wajibu, na kupumzika ni zawadi ya Mungu. Twasema tu kwamba iko namna ya kusafiri pamoja. Watu 50 wakienda harusini kwa magari madogo, wawili wawili, barabara inapata magari 25. Wakipanda basi moja, barabara inapata gari moja, gharama inapungua, na watu wanafika wakiwa wamezungumza. Treni ya abiria iliyoanza mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi hubeba zaidi ya watu 1,000 kwa safari moja, na katika nchi ya Tsavo yameachwa mapito ambayo ndovu hupita chini ya reli. Jijini Nairobi mabasi ya umeme yalianza kuonekana mwaka 2022, na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutoka katika mvuke wa ardhini wa Olkaria, maporomoko ya maji, na upepo wa Turkana. Hizi ni baraka, natuzitumie.

Kwa mwendo mfupi tuna miguu, na tuna baiskeli. Vijana wengi hawajui kwamba boda boda ilianza kuwa baiskeli, pale Busia, ikivusha watu na mizigo yao kati ya Kenya na Uganda. Haikunywa petroli hata tone. Leo mtu hupanda pikipiki kwenda dukani mahali anapoweza kuonekana akiwa mlangoni kwake. Dereva naye huacha injini ikinguruma nusu saa nzima, huku utingo akitafuta abiria, na akina mama na watoto wachanga wakivuta moshi nyuma ya gari. Kuzima injini ni kazi ya vidole viwili. Abiria wanaweza kumwomba kwa adabu, naye mara nyingi atasikia, maana mafuta ni fedha yake.

Adabu za mgeni

Tukiisha fika, tu wageni. Mgeni mwema huuliza: wenyeji wa hapa wanaishije?

Jambo la kwanza ni maji. Mombasa kwa miaka mingi imekunywa maji ya chemchemi za Mzima, mbali kule Tsavo, na hata hivyo mitaa mingi ya mji huo hununua maji kwa mitungi. Mgeni akifungua mfereji hotelini na kuuacha ukimwagika huku akipiga mswaki, anamwaga maji ambayo mama wa mtaani amepanga foleni kuyapata. Na tukienda kwa nyanya kijijini, tukumbuke ni nani aliyeyateka. Mara nyingi ni msichana mdogo aliyeamka alfajiri. Vijana wetu waliotoka mjini, badala ya kuoga mara tatu, na washike mtungi waende naye mtoni. Hapo ndipo usemi wa jembe unapotimia.

Jambo la pili ni viumbe. Malindi na Watamu zimekuwa na hifadhi za bahari tangu mwaka 1968. Ukienda kutazama matumbawe, usiyakanyage wala kuvunja kipande cha ukumbusho. Yanafanana na mawe, kumbe ni viumbe hai, navyo hukua polepole sana. Wenyeji wa Diani wana mbega, nyani weusi wenye mabega meupe, ambao hugongwa na magari wanapovuka barabara. Wapenda wanyama wa huko wamewafungia ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke salama. Dereva anayeona ngazi zile apunguze mwendo. Na barabarani, usiwatupie nyani ndizi na mikate. Twawahurumia, nao twawaua. Kwa maana mnyama aliyezoea kulishwa huacha msitu, akakaa kando ya lami akingoja gari litakalomgonga.

Jambo la tatu ni heshima kwa mahali. Katika msitu wa Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, huongozwa na mwenyeji, na haruhusiwi kutoka na kitu chochote, hata jani wala ukuni. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliwekwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Wazee wale na sisi twaweza kutofautiana katika imani, na hatufichi. Lakini katika pwani ambayo misitu mingi imekatwa, hiyo yao imesimama, na miti yake, ndege wake na dawa zake vingalipo. Ikiwa wao hawatoi hata jani kwa kuheshimu mahali pale, je, sisi tunaokiri kila Jumapili kwamba Mungu ni Muumba wa mbingu na nchi, tutaacha nini nyuma yetu tukiondoka ufuoni?

Jambo la nne ni fedha zetu. Twaweza kuzitumia mahali zinapotunza nchi na kuwalisha watu wake. Gazi na Wasini, katika Kwale, akina mama wamejengewa daraja la mbao kupita katikati ya mikoko, na mgeni hulipa kidogo akatembezwa na kuelezwa. Kule Gazi na Makongeni, tangu mwaka 2013, wanakijiji wanalinda na kupanda mikoko katika mpango uitwao Mikoko Pamoja. Kwa kuwa mikoko hufyonza hewa ya ukaa na kuiweka katika matope, watu wa nchi nyingine hulipia kazi hiyo, na fedha zimeleta maji na kusaidia shule. Mikoko iliyosimama ni mahali pa samaki kuzalia, na ni ukuta dhidi ya mawimbi. Mtoto wa shule ya Jumapili akiyaona hayo kwa macho yake atajifunza zaidi ya tutakayomfundisha ubaoni.

Wasemao, Sisi ni wadogo

Twajua msikilizaji mmoja anasema: Mchungaji, mnatulemea sisi wadogo. Viwanda vikubwa vinamwaga sumu mitoni. Nchi tajiri ndizo zilizoijaza anga hewa hiyo. Kenya imechangia sehemu ndogo sana. Chupa yangu moja ni nini?

Asemayo ni kweli, wala hatutaki kuyafunika. Kanisa lina wajibu wa kusema na wenye viwanda na wenye mamlaka, tena bila woga. Lakini yule mama wa Emali hakuletewa chupa na nchi tajiri. Aliletewa na mkono uliotoka dirishani. Tena ni vigumu kumkemea mwenye kiwanda kwa sauti kuu huku uwanja wa mkutano wetu wa kiroho, baada ya siku tatu za kuimba, umejaa chupa na sahani za karatasi, na mwenye uwanja anazoa peke yake Jumatatu. Majirani wasiosali nasi hutazama uwanja ule. Hawakusikia mahubiri, lakini wameyaona mabaki yake.

Mwaka 1990 baraza la makanisa ya Anglikana ulimwenguni liliongeza jambo la tano katika alama nne za utume wa Kanisa lililokuwa limezitaja mwaka 1984, nalo ni kuvitunza viumbe na kuuhuisha uhai wa dunia. Hata kabla ya hapo, mwaka 1977, Wangari Maathai na akina mama wenzake walianza kwa kupanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Ilikuwa saba tu. Miaka 27 baadaye, mwaka 2004, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na miti iliyopandwa na akina mama wa vijijini ilikuwa imehesabiwa kwa mamilioni. Yeye hakungoja wakubwa waanze.

Tufanye nini basi

Twamalizia kwa mambo machache ambayo kila kanisa laweza kuyafanya katika safari yake inayofuata.

Kabla ya kuondoka, mchagueni mtu mmoja awe msimamizi wa usafi, kama mnavyomchagua wa kushika fedha. Awe na magunia mawili mbele ya basi: moja la maganda na mabaki ya chakula, la pili la chupa na makopo. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yataka hata majumbani tutenganishe vitu hivi, kwa hiyo safari itakuwa shule. Gunia likijaa, lisiachwe njiani. Lifike mahali penye kuzolewa, au lirudi nyumbani.

Chakula na kipikwe nyumbani, kichukuliwe katika vikapu na mikebe yenye vifuniko. Chai iwe katika themosi, na vikombe viwe vya bati, vile ambavyo mama zetu walivitumia na kuviosha miaka mingi bila kununua vingine. Kwenye makongamano, vijana waoshe sahani kwa zamu. Wataimba wakiosha, na kazi itakwisha.

Na tukirudi, tusiliweke jembe chini. Maganda yakichimbiwa shimo huwa mbolea ya sukuma wiki. Jiko lenye udongo ndani hula makaa machache kuliko la bati tupu. Maji ya kuoshea mboga hunywesha mche. Na kama kanisa limesafiri, lipande mti mmoja au miwili uani pake kuwa shukrani kwa kufika salama, tena litaje mtu wa kuumwagilia, maana miti mingi hupandwa mbele ya wageni wa heshima ikafa kiangazi cha kwanza.

Wapendwa, katika safari zetu sisi sote tutasahauliwa na njia tulizopitia. Hakuna atakayejua jina la aliyekaa kiti cha nane upande wa dirisha. Lakini yule aliyeagiza kambi iwe safi kwa kuwa yeye hutembea ndani yake, hupita pia katika barabara ya Mombasa na katika mitaro ya Nairobi. Yeye anajua kila kiti kilikaliwa na nani.

Natuombe. Ee Mungu, mwenye nchi hii tunayopita juu yake, utulinde safarini. Utupe macho ya kumwona jirani tusiyemjua jina, na mikono isiyoona aibu kuokota. Tufanye wageni ambao wenyeji watafurahi kwamba tulifika, na ardhi isiumie kwa kuwa tulipita. Twaomba katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Safari njema, wasikilizaji wapendwa. Mungu akipenda, tutaonana tena juma lijalo saa kama hii.